Ombi la Tukio Moja la Ukubwa wa Kati kwa Ajili ya Bulenganya

Bulenganya, Jumatatu tarehe 11 Mei

Kwa Papa Mhariri wa kitabu kipya cha Jiografia na Historia cha darasa la sita, Goma.

Papa Mhariri,

Ninakuamkia kwa heshima, wewe na wote wanaokusaidia kuandika. Mimi ni Sebahire Rémy, direkta wa shule ya msingi ya Bulenganya, na ninasema kwa niaba ya wakaaji wote, isipokuwa watatu waliokuwa ziwani tulipopiga kura. Hatuandiki kwa hasira. Hasira tuliijaribu wiki iliyopita, haikudumu.

Kitabu chako kizuri kilitufikia kwa mashua, tukakifungua mbele ya wazazi. Ukurasa wa 63 unasema: "Bulenganya, mji mdogo wa vijijini kando ya Ziwa Kivu. Rien à signaler." Mama Kanyere, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, aliniomba nimtafsirie hicho Kifaransa cha mwisho. Nikamwambia, "Hakuna cha kutaja." Akaniambia, "Tafsiri vizuri, mwalimu." Nikatafsiri mara ya pili, yakatoka yale yale. Hapo ndipo yalipoanzia malalamiko haya.

1. Kuhusu jiografia. Si kweli kwamba hatuna. Nyuma tuna kilima, mbele tuna ziwa, na katikati tuna barabara inayofika kutoka upande wa Sake na haiendelei. Ziwa letu ni lile lile la Goma na lina gesi ile ile chini yake, lakini gesi yote kitabu kimewapa wengine. Volkeno nayo ilipotoka, mwaka wa 2002 na tena 2021, ilielekea Goma mara zote mbili bila hata kutuangalia. Ukuta wa kanisa letu tumeujenga kwa mawe meusi ya lava tuliyoyasafirisha kwa mashua, ili mgeni asituone kama watu ambao hata volkeno haiwajui.

2. Kuhusu historia. Hapa ninakubali kwamba kazi ni ngumu zaidi. Tuliunda Kamati ya Kutafuta Historia, ikapita nyumba kwa nyumba kuuliza wazee. Ilipata haya. Mbelgiji mmoja wa zamani alifika, akauliza njia ya kwenda kwingine, akaonyeshwa. Miaka mingi baadaye kikosi cha askari kilipotea, kikaingia sokoni, kikauliza, "Ni hapa?" Kikajibiwa hapana, kikarudi kilikotoka. Mwaka wa 1987 ng'ombe alianguka ziwani. Kamati ilibishana siku mbili juu ya ng'ombe huyo, kwa kuwa alitoka majini mwenyewe, na wengine walishikilia kwamba jambo ambalo mtu hakulitia mkono ni la jiografia.

Hata Papa Cubaka, chifu wetu, hakuja kwa makusudi. Alikuwa anatoka Bukavu kwenda Goma, mota ya mashua ikafa mbele yetu, na huu ni mwaka wa thelathini na moja anangoja kipuri. Tulimpa uchifu ili asichoke kungoja.

3. Kuhusu madhara. Katika mtihani wa mwaka huu kulikuwa na swali hili: "Taja tukio moja la kihistoria lililotokea mahali pako." Watoto ishirini na wanane waliacha nafasi tupu. Wa ishirini na tisa, Fabiola, mjukuu wa Mama Kanyere, aliandika: "Nilizaliwa." Msahihishaji alimpa zero, na pembeni akaongeza kwa wino mwekundu: "Haijathibitishwa."

Mama Kanyere alikuja shuleni na beseni la sambaza bado liko kichwani. "Mwalimu," akasema, "mutoto anapata zero juu ya sisi kutulia?" Fabiola ni wa kwanza kwa hesabu, na kwa zero hiyo hataingia sekondari. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, Papa Mhariri. Siku ile niliwapa watoto mgongo nikashindwa kugeuka.

4. Kuhusu juhudi zetu wenyewe. Tuliona katika kitabu chako kwamba mahali pengi penye heshima pana mkataba wa amani, tukaamua kutia sahihi wetu. Kwa kuwa mkataba unataka pande mbili, tulipiga kura tukagawanyika: Kambi ya Juu, ya Papa Cubaka, na Kambi ya Chini, ya Mama Kanyere. Mimi niliangukia Juu na mke wangu Léonie akaangukia Chini, na siku hiyo sikupikiwa. Mazungumzo yalifunguliwa saa tatu asubuhi darasani mwangu.

"Ninyi munataka nini?" akauliza Papa Cubaka.

"Tunataka amani," akajibu Mama Kanyere.

"Hapana, mama. Amani ni sisi tunaiomba. Ombeni kitu kingine."

"Sisi ndio tulisema wa kwanza!"

Watu walipanda juu ya madawati. Kwa dakika nne nzima tulikuwa karibu sana na historia. Kisha mashua za sambaza zikaingia, kambi zote mbili zikashuka ufukoni kupokea samaki, na hakuna aliyerudi. Mkataba uko kabatini. Una muhuri, hauna sahihi.

5. Kwa hiyo tunakuomba utupatie tukio moja la ukubwa wa kati. Lisidumu zaidi ya saa tano. Lije wakati wa kiangazi, kwa sababu wakati wa mvua barabara ni matope na litakwama. Lisiguse mabati ya kanisa, bado ni mapya. Kama ni volkeno, iwe iliyokwisha kupoa. Kama ni vita, viwe vile vilivyomalizika. Kama ni ziara ya mkubwa fulani, tunamkaribisha, ila ateleze kidogo gatini wakati wa kushuka, tupate cha kukumbuka.

6. Na kama stoo yako haina tukio jipya, utuhamishie la zamani kutoka kwa wenye mengi. Goma peke yake ina kurasa thelathini na mbili. Sake ina nne. Hatuombi zote. Nisije nikaonekana mwizi, nilipanda mashua Ijumaa kwenda kuwaomba ruhusa wenyewe. Pale Birere, mtaa wa Goma, nilimkuta mama mmoja anayeuza vitenge, jina lake Umurerwa. Nilimweleza shida yetu yote, nikamuuliza kama Goma inaweza kutuachia tukio moja tu. Aliacha kukunja kitenge, kikabaki nusu mikononi mwake.

"Mwalimu," akasema, "bebeni yote."

Nilimshukuru sana kwa ukarimu huo, nikauandika kwenye daftari. Akaniuliza kama ni kweli kwamba kwetu hakujatokea kitu. Nikaapa ni kweli, kwa huzuni. Akaniomba nimchoree njia ya kufika. Nikamchorea, pamoja na kilima.

Basi Papa Mhariri, idhini ya Goma tunayo. Tunangoja tu tarehe.

Wasalimie wachapishaji, mchora ramani, na yule aliyehesabu kurasa. Papa Cubaka anakusalimu. Mama Kanyere amesema atakusalimu baada ya kuona jibu.

Wako katika kazi ya kufundisha,
Sebahire Rémy, direkta

N.B. Jumatano. Barua hii ilikuwa iondoke jana kwa mashua, lakini mashua ilifika imejaa, na sikuwa na nafasi ya kumkaribia nahodha. Walishuka watu wa familia kumi na moja, na magodoro, na masufuria, na bibi mmoja amebebwa juu ya kiti. Umurerwa alikuwa mbele, karatasi yangu mkononi. Hakunisalimu. Aliuliza kwa sauti, ili wote wasikie: "Ni hapa hakutokeaka kitu?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Ni hapa."

Kwa hiyo, Papa Mhariri, nakuomba usilete lolote, hata dogo. Kuchana barua siwezi kwa sababu imekwisha kupigwa muhuri, lakini ninakusihi usiisome. Na ule mstari wa ukurasa wa 63 uufute wote, pamoja na jina letu na upande wa ziwa tuliko. Kamati ya Kutafuta Historia imevunjwa. Wajumbe wake wanatafuta mablanketi. Fabiola ameelezwa, akasema atarudia mwaka.

Leo hatufundishi. Wageni tumewaweka darasani, na wengi wamelala chini tangu asubuhi. Sasa ni saa nane mchana, jua ni kali, na watoto wangu wote ishirini na tisa wanapita nje ya dirisha wakiwa wamevua viatu, wasiwaamshe.