Kilomita Ishirini na Nne kwa Lita

Jumapili, 3 Agosti

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba ukubwa wa tangi ndio urefu wa safari. Sivyo. Tangi ni chombo tu. Jambo la kujua ni lita moja inakufikisha wapi. Zidisha idadi ya lita kwa kilomita za kila lita, nawe una jibu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, na bado naona watu wazima wakilinganisha matangi kama watoto wanaolinganisha urefu.

Nasema hivi kwa sababu ya chakula cha mchana. Kitindamimba wetu amepata kazi ya uuguzi katika hospitali iliyo kilomita mia tano na arobaini kutoka hapa. Barua inamtaka aripoti Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Asipofika, nafasi anapewa anayemfuata kwenye orodha. Amesubiri barua hiyo mwaka mzima na zaidi. Ana kitanda, kabati, jiko na masanduku mawili ya kubeba.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akajitolea kumpeleka. Pikapu yake mpya ina tangi la lita themanini. Yangu, lita sitini na tano. Alilitaja hilo mara tatu kabla ya kunawa mikono. Tena ina kioo nyuma ya usukani kinachomwonyesha kilomita zilizobaki. Akasema, Mwalimu, mimi siku hizi sihesabu, gari linanihesabia.

Mtu anajivunia hilo, mezani, mbele ya mwalimu wa hesabu.

Nikatangaza kwamba binti yangu nitampeleka mwenyewe. Kwa tangi moja. Bila kusimama kwenye sheli hata moja. Mke wangu akauliza sharti hilo la tangi moja limewekwa na nani. Nimeliweka mimi. Ndiyo maana halivunjwi.

Kuanzia leo, katika shajara hii, shemeji ataitwa Kompyuta.

Jumatatu, 4 Agosti

Geji yangu ya mafuta ilikufa siku nyingi. Sioni hasara. Fundi alikitoa kifaa chake ndani ya tangi akaacha tundu lenye kifuniko, nawe unalifikia kwa kuinua bati dogo kwenye sakafu ya nyuma ya pikapu. Kupitia tundu hilo naweza kupima kwa kijiti. Kijiti hakina waya wa kukatika.

Asubuhi fundi aliliosha tangi, akaacha mafuta ya kunifikisha sheli tu, ng'ambo ya barabara. Pale uwanja ni sakafu ya saruji, tambarare kama meza. Nikamwomba mhudumu atie dizeli lita tano, asimame. Nikazamisha kijiti, nikakichomoa, nikachonga alama kwa kisu. Lita tano tena. Alama tena. Mara kumi na tatu. Nyuma yangu foleni ilifika barabarani. Dereva wa lori la kokoto akashuka kuuliza kama nachonga kinyago. Nikamweleza kanuni. Hakusubiri mwisho wake.

Alama kumi na tatu, lita sitini na tano. Kazi safi.

Nyumbani nikaegesha mahali pangu pa siku zote, pua ikielekea geti. Mke wangu akatoka kuweka jiwe mbele ya gurudumu, kama kawaida yake. Ana woga wa magari.

Jumanne, 5 Agosti

Siku kubwa katika maisha yangu.

Nimeendesha kilomita tisini na sita, mpaka darajani na kurudi, mara mbili. Mwendo wa hamsini. Madirisha yamefungwa. Miguu mitupu, ili nikisikie vizuri kikanyagio cha mafuta. Nikarudi, nikaegesha, nikazamisha kijiti.

Lita nne zimetumika. Nne tu.

Tisini na sita gawanya kwa nne ni ishirini na nne. Kilomita ishirini na nne kwa lita. Kitabu cha gari kinasema kumi. Ama walioliunda hawakujua walichokiunda, ama walijua wakanyamaza. Nimefanya hesabu upya kwa njia mbili. Jibu ni lile lile.

Kwa hiyo lita sitini na moja zilizobaki zinanipeleka kilomita elfu moja mia nne sitini na nne. Naweza kumfikisha binti, nikarudi nyumbani, halafu nikaenda kwa Kompyuta kumsalimia.

Nilimwonyesha binti daftari. Aliangalia muda mrefu. Akaniuliza kwa upole, kama wanavyoulizwa wagonjwa, iwapo nimekula.

Jumatano, 6 Agosti

Nilizunguka mjini kutafuta kamba, turubai, na fundi wa kunyoosha mguu wa kitanda. Sikujaza mafuta. Mke wangu alinisihi nijaze. Nikamweleza kwamba tangi lililojaa ni mzigo. Mafuta nayo yana uzito, na uzito unakula mafuta. Akasema basi niondoke na tangi tupu, nitafika mbali zaidi.

Mwanamke huyu hakuwahi kukaa darasani kwangu, na inaonekana.

Jioni tulipakia. Kabati ni la mbao nzito, halikukaa popote ila katikati, juu ya lile bati dogo. Maana yake njiani sitaweza kupima. Nilifikiri kidogo, nikaona si tatizo. Mtu hupima asichokijua. Mimi najua.

Kompyuta alipita kututakia safari njema. Aliitazama pikapu, akautazama ua wetu, akalitazama jiwe. Akasema, Shemeji, gari lako limeinama. Nikamjibu kwamba limebeba mali, lake halijawahi kubeba kitu zaidi ya maneno. Mke wangu akamwita jikoni. Walinong'ona. Sikushughulika.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika nimeketi kwenye kivuli cha kabati, kando ya barabara, saa tisa alasiri. Nitaeleza kwa utaratibu.

Tuliondoka alfajiri. Hewa nzuri, mwendo wa hamsini na tano. Tulipita sheli ya kwanza. Binti akasema, Baba, sheli. Nikasema naiona. Tukapita ya pili. Akasema, Baba, tutie hata lita kumi, nitasema nimetia mimi. Nikamkumbusha ishirini na nne kwa lita. Ya tatu ilikuwa na bango kubwa: hapa ndipo mwisho wa mafuta kwa kilomita mia na ishirini. Akanishika mkono. Akasema hajawahi kunibishia tangu azaliwe, na leo anaomba. Nikamwambia bango limeandikwa na muuza mafuta. Ulitegemea aandike nini?

Akageukia dirisha.

Kwenye kilomita ya mia nne ishirini na sita pikapu ilikohoa, ikavuta, ikanyamaza. Pande zote majani makavu na waya za umeme. Nikafungua boneti. Nikaifunga. Nikafungua tena, kwa sababu binti alikuwa ananitazama.

Akatoa barua yake kwenye mkoba, akaikunjua, akaisoma, ingawa anaijua kwa moyo. Saa sita mchana kesho. Akasema neno moja tu: "Baba."

Nilikuwa natafuta jibu la kisayansi nilipoona vumbi. Kompyuta. Anakuja taratibu, mkono mmoja nje ya dirisha. Mke wangu ndiye aliyemtuma atufuate, saa moja nyuma yetu. Walipanga jikoni. Huo ni usaliti wa ndoa, na nitauzungumza nikirudi.

Alishuka na dumu la lita ishirini na faneli. Nikamwambia siyapokei. Jaribio halijaisha, gari limesimama kwa sababu zisizohusiana na mafuta. Binti akamnyang'anya mjomba wake dumu, akamimina mwenyewe, lote. Nikapiga starta. Hakuna. Tena. Hakuna.

Kompyuta akaniuliza kama najua kwamba injini ya dizeli ikikauka huingiza upepo kwenye mabomba, na lazima upepo utolewe kwanza. Nikamjibu najua. Akauliza, unatolewaje? Nikamweleza historia ya dizeli. Akasubiri nimalize, kisha akasema yeye naye hajui, ila anajua saa.

Wakahamisha masanduku mawili. Binti akanikumbatia. Nikamwambia asimruhusu Kompyuta kujisifu njiani. Akasema atajitahidi, na machoni alikuwa na machozi au vumbi, sikuuliza. Wakaondoka.

Nimebaki na kitanda, kabati na jiko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo bado iko mikononi mwa baba.

Ijumaa, 8 Agosti

Dereva wa tingatinga lililokuwa likikarabati barabara alinitolea upepo kwa bisibisi na dakika kumi. Nikaingia hospitalini saa tano na nusu asubuhi. Binti alikuwa amekwisha kuripoti tangu saa mbili. Alikuwa ndani ya sare, amesimama wima kuliko nilivyowahi kumwona, anamweleza mama mmoja namna ya kumeza vidonge. Anaeleza kwa utaratibu. Amenirithi.

Nilimweleza muuguzi mkuu kwamba ni mimi niliyemleta. Muuguzi akasema amekwisha kumwona baba yake, ana pikapu nzuri.

Nimesahihisha kosa hilo kwa sauti ya kutosha wadi mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi. Nilijaza mara moja njiani, lakini kurudi hakukuwamo kwenye sharti.

Fundi alikuja, akatazama kijiti, akatazama ua. Akaniambia ua wangu unateremka kuelekea geti, na tundu liko upande wa mbele wa tangi. Nikiegesha, mafuta yote hukimbilia kwenye tundu na kijiti husoma uongo. Ishirini na nne ile ilikuwa kumi.

Nimelifikiria jambo hili kwa uaminifu. Kijiti hakina kosa. Hesabu haina kosa. Kosa ni la ardhi, na ardhi huchimbwa. Kesho nasawazisha ua. Mke wangu anasema nitaanza kwa kumchimbia yeye kaburi.

Binti alipiga simu. Mwezi wa kumi na mbili ana likizo. Mjomba wake ameshasema atamfuata, na yeye bado hajamjibu. Kuna njia ya mkato ya kilomita mia nne na themanini, haina sheli hata moja. Bila kabati juu ya bati na bila mtu wa kulalamika pembeni wakati wa kwenda, tangi moja linatosha kwenda na kurudi.

Najiandikia nisisahau: chukua simu leo, kabla Kompyuta hajajibiwa, umwambie binti asipande gari la mtu yeyote mpaka baba yake afike.