Mitamba Pacha na Banda la Mabati

Jumatatu, 3 Machi

Sijala. Sitakula. Binamu yangu ameshinda tena kabla sijaanza.

Bibi alitugawia mitamba pacha. Mama mmoja, baba mmoja, hata baka jeupe la kipajini ni lile lile. Akasema ambaye mtamba wake atathibitishwa kuwa na mimba kwanza atapewa pia mama yao, yule ng'ombe wa maziwa mengi. Leo mtamba wa binamu ameonyesha joto la kutaka dume. Mhimilishaji, yule mtu wa mbegu za chupa, kaja, kampandisha, kaondoka akipiga mluzi. Wangu amesimama tu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Ofisini kwetu, kwenye ushirika wa maziwa, akina mama wenye madumu waliniuliza: "Karani, na wako lini?" Nikajifanya natafuta kalamu. Ilikuwa sikioni.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma kijitabu cha ufugaji, kurasa za mwanzo. Uzazi hufuata ukoo! Nilijua! Basi mmoja alifyonza damu njema yote tumboni, akamwachia mwenzake makapi. Na huyo mwenye damu kapewa nani? Kipenzi cha Bibi.

Ukurasa unaofuata unaanza habari za kivuli, maji na malisho. Nimeuruka. Hayo nani asiyeyajua?

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia Bibi magoti. Nimelia pia, kwa kiasi, maana nilivaa suruali ya kazini. Nikasema nilipewa mtamba wa damu nyepesi, naomba tubadilishane. Bibi akauliza kama nimewahi kumsugua mgongo. Nikasema namwogopa.

Binamu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Chukua wangu, ndugu yangu. Si wote wa nyumbani?" Bibi akakata shauri: tubadilishane mara moja tu, na asije mtu kunililia tena.

Kakubali upesi mno. Mtu mwenye roho nzuri kiasi hicho ana lake jambo.

Jumapili, 9 Machi

Ninao! Mama mtarajiwa! Yumo bandani mwangu: mabati pande zote, mlango mmoja, kila tundu nimeziba kwa gunia. Kijicho cha watu hakipenyi. Upepo nao haupenyi, lakini upepo ulimzalisha ng'ombe gani? Maji nampa kwa kopo, nikiwa mlangoni, mkono nimeunyoosha. Ana miguu minne na yote haina adabu.

Jumanne, 25 Machi

Tangu alfajiri analia na kuhangaika huku na huku. Fahari ya uzazi! Nimeitangazia ofisi nzima.

Binamu amekuja kugonga. Kasema, "Ndugu yangu, huyo karudia joto. Mimba haikukaa. Nikuitie mhimilishaji?" Ujanja huo! Anataka nifungue mlango amtie jicho. Nimemshukuru kwa heshima zote na kuongeza kufuli.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimepita kwa binamu, kwa bahati tu, kupitia nyuma ya ua, nikiwa nimeinama. Loo! Mtamba wangu wa zamani amelala kivulini mwa mti, mdomo unacheua, karibu na pipa la maji lililojaa pomoni. Manyoya yanang'aa. Kwangu alikuwa mbavu tupu! Amenenepa makusudi, kunikomoa. Mhimilishaji alikuwa ndiyo kwanza anafunga mkoba wake.

Nimeng'atwa na siafu. Sikupiga kelele. Nililia ndani kwa ndani.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya aibu. Daktari wa mifugo amewapima wote wawili mbele ya Bibi. Wa binamu: ana mimba, haina shaka. Wangu: hamna kitu. Daktari alitoka bandani mwangu kalowa jasho chapachapa, akaomba maji. Nikampa kwa kopo.

Akasema hao ni damu moja, na damu nzuri. Mama yao huzaa bila kusumbua. Ila ukoo hutoa uwezo tu. Joto la banda, kiu na njaa huweza kuzima uwezo huo, na asiyemtazama ng'ombe wake hajui hata siku yake ya kupandishwa. "Karani," akasema, "humo ndani hata mimi nisingeshika mimba."

Wamecheka wote. Bibi mpaka akashika nguzo. Kisha akamkabidhi binamu kamba ya mama ng'ombe. Nilikuwa nimekwisha kumnunulia ng'ombe huyo kengele.

Jumatatu, 16 Juni

Furaha! Binamu amehamia na ng'ombe wake kwenye zizi kubwa la Bibi. Banda lake limebaki tupu. Nimeliomba. Kacheka, kanipa, na pipa juu yake. "Ukikwama, niite, ndugu yangu." Nikuite wewe!

Daktari alisema kweli: damu nilikuwa nayo, tatizo lilikuwa banda. Sasa ninalo banda lenyewe la bahati. Nimeshahamia na mtamba wangu.

Lakini jamani, liko wazi kila upande! Wapita njia wote wanamwona! Mchana kutwa nimepigilia mabati yangu ya zamani, nikaziba nyufa kwa magunia. Pipa nimelitoa, asije akatumbukia. Kesho naukata ule mti, maana majani yake yananong'ona kama watu wanaonisengenya.

Sasa nimuone binamu atashinda kwa lipi.