Nadhiri ya Mama na Kibanda cha Pikiniki

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepata mpango! Alhamisi Mama anafanyiwa upasuaji wa moyo, na bado hajasema nyumba hii ya Saint-Benoît atamwachia nani: mimi niliyekaa naye miaka yote arobaini na sita, au dada yangu Marylène, anayekuja Pasaka na keki. Keshokutwa nitamzungusha Mama kisiwa kizima. Tutapanda milimani, tutaona volkano, tutashuka kusini, tutarudi kwa barabara ya pwani inayokatiza juu ya lava iliyoganda. Moyo utamlainika. Akishashiba wali na kari ya kuku, nitauliza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Marylène kasikia. Nani kamwambia? Mama! Anakuja na gari lake na sufuria yake. Kasema kari yangu haina chumvi na mpishi wake hana haya. Vibanda vya pikiniki kule juu huchukuliwa alfajiri. Atakayewahi ndiye atakayemkalisha Mama kibandani kwake. Naondoka kesho saa kumi na moja.

Mama naye ana lake. Nilipolazwa na homa ya dengi mwaka juzi, alimwekea nadhiri Mtakatifu Expedit, yule wa kijumba chekundu cha sala kando ya barabara, kwenye kona ya kupandia milimani Plaine des Palmistes: nikipona, atampelekea kitambaa chekundu na mishumaa saba. Nilipona. Hakuna aliyempeleka Mama. Anasema haingii chini ya kisu kabla ya kuitimiza, maana mtakatifu huyo hutoa upesi na huchukua upesi. Nimemwambia sawa, sawa.

Jumapili, 13 Oktoba

Taa za Marylène nyuma yangu tangu daraja la kwanza. Kwenye kona Mama akagonga kioo: "Fulbert, simama mwanangu, ndiye huyu." Dakika tano tu, alisema. Dakika tano! Nikamwambia tutapita wakati wa kurudi. Akanikumbusha kwamba kurudi tunapita pwani. Nikakanyaga mafuta.

Kibanda nikakipata! Marylène alikula kwenye buti la gari, manyunyu yakimnyeshea. Volkano haikuonekana, ukungu mtupu, kama kutazama shuka. Mama hakugusa kari. Mishumaa alikuwa ameipakata. Nikauliza habari za nyumba. Akasema: "Wewe mtoto, hata leo unaniuliza hayo?" Kwenye barabara ya lava alilala, au alifumba macho tu.

Jumatano, 16 Oktoba

Mama kaomba tena. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Lakini fundi alikuwa anakuja kupima baraza, na nyumba ikiwa yangu lazima baraza liwekwe vioo. Nikamwambia nitampeleka akishatoka hospitali. Akampigia Marylène. Huyo bado ana kinyongo. Akamjibu: "Akupeleke huyo huyo mwenye kibanda chake." Nilicheka, nakiri.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mama hakuamka. Jana saa nane mchana daktari alitoka na kofia mkononi, nikajua. Mishumaa wamenirudishia pamoja na viatu vyake. Nimelia hadi kifua kinauma. Marylène akasema mbele ya watu kwamba ni mimi niliyemuua. Nikasema ni yeye. Manesi wakatutoa nje.

Jumanne, 22 Oktoba

Tulizika jana. Leo mwanasheria kafungua karatasi ya wosia: Mama aliniandikia nyumba tangu Machi. Tangu Machi! Mbio zote zile za bure. Nimekaa barazani saa nzima, sikuweza hata kunywa kahawa.

Mama mdogo Ursule, mdogo wa marehemu, hana mtoto. Ana nyumba kubwa Saint-Pierre, inatazama bahari. Wiki hii yuko kwangu kwa ajili ya msiba, na anasema hajaona volkano miaka mingi na moyo nao unamsumbua. Nimejitolea kumzungusha Jumapili. Kakubali, ila anaomba tusimame kwanza pale kwenye kona, amtimizie dada yake nadhiri. Ombi la haki kabisa. Lakini Marylène naye kasikia, na vibanda havingoji mtu. Nimemwambia Mama mdogo asiwe na wasiwasi, tutapita wakati wa kurudi.