Mlezi wa Pili wa 386

Jumatatu, 5 Julai 2004. Akheri.

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Alisema akiangalia dirisha. Miezi miwili, labda mitatu nikiacha hasira. Niache hasira! Nimwachie nani?

Basi naandika, nisije nikazikwa na uongo wangu mfukoni. Lakini kwanza barua ya leo, maana inawasha.

Naserian ameileta kutoka Kimandolu, kwenye duka la intaneti la Shomari, imechapwa karatasi mbili. Naserian ni mwalimu wa darasa la kompyuta hapa usharikani. Binti wa Olmotonyi, mkimya, ananiita Babu. Mimi siwezi tena kuteremka mjini, kwa hiyo barua zangu na kazi zangu husafiri naye kwenye diski.

Barua ni ya Mkuu wa mradi, aliyeko Ulaya. Mradi wetu unatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure; yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kumpa jirani. Mimi ni mlezi wa prosesa ya 386, ule ubongo wa kompyuta za zamani. Yaani nahakikisha kila toleo jipya bado linakubali kwenye mashine za zamani, kama hizi kumi na mbili walizotuletea marafiki wa usharika mwaka 1995. Nilikuwa mtakwimu wa Serikali miaka ile kompyuta zilipopigwa marufuku nchini. Nimejumlisha wilaya nzima kwa mashine ya kuzungusha mkono! Sasa milango imefunguliwa, makontena yanashushwa, na kila mwenye fremu ya duka mjini ananiambia 386 ni takataka. Takataka ni yeye.

Mkuu anasema 386 itaondolewa Ijumaa ya tarehe 16 kama kanuni haitatimizwa. Kanuni ni hii: kila prosesa ya zamani iwe na walezi wawili walio hai, na mfumo mzima ujengwe, yaani maandishi yake yageuzwe kuwa programu, kwenye mashine halisi ya aina hiyo, mwanzo hadi mwisho. Ikiondolewa, darasa limekwisha. Wasimamizi wa mtihani wa cheti wanataka toleo jipya kuanzia Januari. Wanafunzi thelathini na wanne wa Naserian watafanya mtihani kwenye meza tupu.

Mwisho wa barua, sindano. Anapendekeza mlezi wa pili, Lengai, awe mlezi mkuu, juu yangu. Kazi ya Lengai ni safi, anasema. Lugha yake ya kiungwana.

Uongo wangu ndio huo. Lengai hayupo. Nilimtunga mimi mwaka 2001, kanuni ilipodai walezi wawili. Nampa kazi ndogondogo, zile nisizozijali. Nimepigwa kumbo na mtu niliyemtunga mwenyewe!

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Wengine wako kwenye sherehe. Mimi nimefungwa blanketi, nikabebwa kwenye kiti mpaka chumba cha darasa. Nimeiwasha mashine namba nne, ndiyo imara kuliko zote, nikaiamuru ijenge mfumo. Kompyuta mpya ya dukani, Pentiamu, ingemaliza kabla ya chakula cha mchana. Namba nne inahitaji siku sita kamili. Isiguswe. Isizimwe. Polepole, lakini inafika. Nampenda sana mnyama huyu.

Naserian akaniuliza kama hatuwezi kuijenga kwa mashine ya haraka kisha tuhamishe. Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akauliza pia, taratibu, kama nimewahi kufikiria kumweka mlezi mwingine. Mtu wa hapa hapa, akasema, anayezijua mashine. Nikamjibu kwamba kulea prosesa si kufundisha watoto kubonyeza herufi. Akasema sawa Babu, akaenda kupangusa vioo.

Nina mpango. Lengai lazima achafuke. Kwa jina lake nimemwandikia Mkuu barua, nikamwita punda, tena punda wa kukodi. Mama yake nimemtaja mara mbili. Nimeiweka kwenye diski ya Lengai. Diski zangu huzifunga kwenye bahasha na kuipiga muhuri wa usharika, asije mtu akagusa kazi yangu. Za Lengai huziacha wazi. Nani ajisumbue kuiba kazi ya Lengai?

Ijumaa, 9 Julai

Jibu limekuja. Mkuu amemshukuru Lengai kwa barua yake "yenye hekima na subira". Subira! Nimesoma mara tatu. Ama Wazungu hawajui punda ni nini, ama Lengai ana ulinzi wa mbinguni. Naserian alikuwa ananimiminia uji. Nikamwuliza kama huko kwao Olmotonyi kumtukana mtu mama yake ni hekima. Uji ukamwagika kidogo.

Lakini hilo si baya la leo. Baya la leo ni Mama Evaresta wa Umoja wa Wanawake. Ameingia darasani kupiga pasi vitambaa vya madhabahuni. Pasi ile ya umeme, nzito kama dhambi. Fyuzi imekatika saa nne na robo. Namba nne ikazimika ikiwa siku ya pili! Siku mbili za kazi, kwa ajili ya mikunjo!

Nilipiga kelele mpaka nikaishiwa pumzi. Evaresta akasema shikamoo, pole Mzee Elimringi, lakini Jumapili haimngojei mtu, na Mungu hakai mbele ya kitambaa chenye makunyanzi. Nikamwambia Mungu aliumba kwa siku sita, mimi pia nahitaji sita, na Yeye hakuwa na wewe na pasi. Akaenda kushtaki kwa Mchungaji.

Naserian ametengeneza fyuzi. Tumeanza upya saa sita mchana. Hesabu: itamaliza Alhamisi mchana. Bado inawezekana. Nimechora tangazo kwa mkono wangu, nikaagiza libandikwe mlangoni: HATARI. MIONZI YA PROSESA. USIINGIE.

Jumamosi, 10 Julai

Tangazo limefanya kazi kupita kiasi. Hakuna aliyeingia. Evaresta hakuingia. Wanafunzi thelathini na wanne nao hawakuingia. Wazazi wawili wamefika kumwuliza Naserian kama watoto wao wataota nywele kifuani. Bibi mmoja alimwogesha mjukuu wake kwa maji ya chumvi.

Mchungaji Bariki akaja mwenyewe na tangazo mkononi. Akaniuliza mionzi ni nini hasa. Nikasema ni jambo la kitaalamu. Akasema kwa heshima zote Mzee wangu, mtu anayehesabiwa miezi hafai kutisha watoto. Kwa heshima zote! Nilimfundisha hesabu huyu alipokuwa hajui kufuta pua.

Naserian alishinda siku nzima akipita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba hakuna mionzi. Mpaka kijiji cha Poli amefika, kwa miguu. Alirudi na vumbi magotini. Hakunisalimia. Nimeona hana adabu.

Jumapili, 11 Julai

Mahubiri yalihusu ukweli. Nimeletewa nyumbani na mjukuu wa jirani, kwa muhtasari. Nimeguswa. Nikaamua kwamba uongo wa Lengai lazima ufike mwisho.

Nitamwua.

Akifa, hawezi kuwa mkuu wangu. Tena watanihurumia, nimebaki peke yangu na 386 yangu. Nimeandika taarifa nzuri sana. Lengai alikuwa anapanda Mlima Meru kwa starehe zake, akakanyagwa na nyati karibu na kibanda cha kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Hakuteseka. Nilifikiri kumtesa kidogo, nikajizuia.

Safari hii, kwa ile adabu yake ya jana, sikumpa Naserian diski. Nimempa dereva wa gari la maziwa, ampelekee Shomari kesho asubuhi.

Jumanne, 13 Julai

Shomari ametuma bahasha nene kwa gari hilo hilo. Rambirambi arobaini na tatu! Kutoka nchi ambazo sikujua zina 386. Mtu wa Brazili amelia. Mtu wa Finlandi ameandika shairi. Shomari mwenyewe ameongeza kikaratasi: Mzee pole sana na msiba, nilitamani kumwona huyo kijana, barua zake zilikuwa tamu kusoma.

Barua nyingine ni ya Mkuu. Toleo jipya litapewa jina. Litaitwa Lengai.

Miaka sita nimelea, na jina langu limo kwenye faili moja tu, mstari wa mia mbili na kumi, na "Elimringi" wamekosea. Mwendawazimu wa kuchungulia nyati anapewa toleo zima!

Aya ya mwisho nikaisoma nimesimama, daktari asije akajua. Kwa huzuni kubwa, anasema Mkuu, sasa 386 ina mlezi mmoja tu aliye hai, na kanuni yataka wawili. Itaondolewa Ijumaa.

Nilisahau! Kanuni yenyewe niliyomtungia, nikaisahau!

Naserian akaingia wakati huo. Shomari alikuwa amempa pole njiani. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Akasema: "Babu, umeniua!"

Nikamwambia asijitie kwenye msiba usiomhusu. Akaketi kitandani kwangu, juu ya miguu yangu, akasema yote. Anajua Lengai hayupo tangu wiki ya kwanza, maana Lengai na mimi tunatukana kwa mpangilio mmoja. Na kwa kuwa diski ya Lengai haikuwa na muhuri, kila mara alipofika kwa Shomari aliifungua. Alirekebisha makosa yangu. Aliandika upya sehemu zilizokwama. Alifuta matusi. Akaongeza "asante". Miaka mitatu.

Kazi safi ya Lengai ni ya Naserian. Hekima na subira, ni Naserian. Punda alimtoa yeye.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia Jumatano, nikamjibu kuhusu kubonyeza herufi.

Nikamwambia atoke juu ya miguu yangu, inauma. Ilikuwa inauma kweli.

Jumatano, 14 Julai

Nimemwita Mchungaji Bariki, nikaungama. Lengai, nyati, mionzi, yote. Alijaribu kutocheka. Akashindwa, akajifanya anakohoa. Kisha akasema toba ni kurekebisha: niwaandikie watu wa mradi ukweli mtupu, nimtaje Naserian kuwa mlezi wa pili, jambo liishe. Naserian amekubali, kwa sharti kwamba barua aibebe wazi.

Nimeandika. Ni barua ngumu kuliko zote maishani. Kurasa tatu. Naserian ameisoma, akafuta neno moja tu.

Alhamisi, 15 Julai

Saa saba na dakika ishirini mchana, namba nne imemaliza! Siku sita, haikukohoa. Evaresta mwenyewe alikuwa analinda mlango, na pasi ameifungia kabatini. Wanafunzi walipiga makofi. Nilibebwa nikaone. Maandishi meupe, mstari wa mwisho: hakuna kosa. Nikaweka kiganja juu ya kasha lake, lilikuwa la moto kama mtoto mwenye homa. Naserian naye akaweka chake kando ya changu.

Akaondoka na diski, moja ya ushahidi wa ujenzi na moja ya barua yangu. Zote wazi.

Ijumaa, 16 Julai

Wamenisamehe! Mkuu anasema mzee anayekufa ana haki ya wazimu kidogo. Ushahidi wa namba nne wameupokea.

Ila Naserian hawamwamini. Mwalimu wa kike, anasema Mkuu, anayejua 386 kuliko mlezi wake, katika kijiji kile kile, anayejitokeza siku tatu baada ya nyati? Ananiomba kwa upole nisiwaletee mtu mwingine wa kutunga. Muda umesogezwa mpaka Jumatatu. Naserian athibitishe kwamba yupo, basi.

Mtu wa nyama na damu, ana vumbi la Poli magotini, wanasema hayupo! Na yule asiyekuwepo wamempa toleo!

Naserian hakukasirika. Amesema ni jambo dogo. Jumatatu saa nne atampigia Mkuu simu kutoka kwa Shomari, atamjibu lolote atakaloulizwa kuhusu 386. Akanishika mkono. Babu, akasema, naomba kitu kimoja tu. Usifanye chochote. Nikamwahidi. Mchungaji alikuwepo, ni shahidi.

Naye ameenda kwao Olmotonyi mpaka Jumapili.

Nimelala nikifikiria. Simu ni simu. Yaweza kukatika. Na sauti ya mwanamke kwenye simu inathibitisha nini? Yeyote aweza kuwa na sauti. Mkuu anahitaji shahidi. Mtu mzima, wa kuheshimika, asiye na uhusiano nami. Hakimu mstaafu, kwa mfano. Wa Kimandolu. Mjane, Bi Twahira, anayemjua Naserian tangu kuzaliwa na yuko tayari kuapa.

Gari la maziwa linapita kesho saa moja asubuhi. Barua iko tayari. Nimeisoma tena: imetulia, ina mantiki, haina tusi hata moja. Huyu Bi Twahira anaandika vizuri kuliko mimi.

Tayari simpendi.