Namna Chisense ya Mama Princesse Ilifika Kitwe kwa Telefone

Muheshimiwa mugeni wa heshima, ambaye gari yake imekwama njiani na kwa hiyo kiti chake nimekikalia mimi, bazee ba soko la Kashikishi, bapasta ba makanisa yote, baliokuja na basiokuja, bavuvi ba Chisenga, bamama bauzishaji, bandugu zetu baliovuka mayi kutoka Pweto: mwaiseni mukwai, karibuni sana! (Makofi machache. Mwenyekiti wa soko anainua mukono, makofi yanaongezeka.)

Mimi, Rodwell Kabamba, Mratibu Mukubwa wa Programu ya Kuuzisha Samaki ku Interneti, ninatoa leo raporo ya mafanikio, na kwa kuwa tarakimu zinachosha, ingawa ninazo, asilimia mia tatu na kumi na mbili, nitawaeleza habari za mutu mumoja, Mama Princesse Ngoy, yule pale mwenye kitenge cha kijani, naye alivuka mayi kutoka Pweto. (Batu banageuka. Mama Princesse anaangalia chini.)

Mwezi wa kumi na moja alikuwa na magunia sita ya chisense, wale samaki badogo ba ziwa letu, imekauka vizuri, kazi yake ya musimu muzima, na banda aliloazima lilikuwa linavuja. Bachuuzi balikuja, bakatazama mawingu, bakasema batarudi kesho, kwa maana mvua ikipiga samaki, bei anaipanga mununuzi. Basi akanifuata mimi. Nilimupa masaa mawili ya stratejia! Nilimwambia soko la kisasa linataka branding, nikamuandikia tangazo mimi mwenyewe, "Rasilimali za Majini za Viwango vya Kimataifa kwa Wadau Wote", bila bei, kwa maana bei inashusha heshima, na nikaweka picha yangu nikiwa na suti. (Kicheko nyuma.) Batu mia mbili baliangalia. Mumoja aliuliza kama huyu muzee anauzishwa. (Kicheko kikubwa.) Hiyo, bandugu, inaitwa engagement.

Siku tatu zikapita, hakuna gunia lililotoka, na moja likaanza kuota ukungu. Princesse alilia mbele ya rafiki yake Ireen, anayeuzisha talktime, vocha za telefone, pale njia panda. Ireen alimwambia atoe kwanza ile suti. Basi, bila kibali changu, bakamwaga chisense juu ya kitambaa cheupe ku mwangaza, Princesse akaweka mukono wake ndani ili batu baone ukubwa wa samaki, bakapiga picha, akaandika bei, siku ilipoanikwa, na basi itakayoibeba. Kisha akasema kwa sauti yake mu telefone, ikatumwa pamoja na picha, kwa Kibemba cha kuvunjika-vunjika:

"Magunia matano ni mazuri. La sita limeguswa na mvua. Hilo siuzishi."

Na ni hilo la sita, munisikilize vizuri, lililouzisha yale matano. Mama mumoja wa Kitwe, Memory, mwenye kupikia batu chakula karibu na stesheni ya basi, alisema mutu anayekuambia ubaya wa mali yake kabla hujamuuliza, huyo unaweza kumwamini. Akachukua gunia moja kwanza. Lilipofika, akapiga picha chungu chake kikichemka, akaituma kwa marafiki, na kabla ya juma kuisha manne yaliyobaki yakaenda. Leo bamama tisa ba Kabuta banamuletea Princesse samaki zao abapigie picha. (Vigelegele.)

Nilipomuuliza siri yake, alinijibu kwamba alisema tu kile yeye mwenyewe angetaka kuambiwa. Nimekiandika mu raporo kama Kanuni ya Kabamba. (Mama Princesse anacheka, mara ya kwanza.)

Kwa hiyo tuseme pamoja. Picha ku mwangaza! (Ku mwangaza!) Bei ionekane! (Ionekane!) Kasoro isemwe! (Isemwe!) Muteja ajibiwe leo! (Leo!)

Natotela sana, asante, Mama Ireen. Na kwa Mama Princesse, shukrani ya pekee: bafadhili banafika kesho kuangalia Programu, na kwa vile Programu haijapata biro, yaani ofisi, wala mutumishi, wala siku ya kuanza, amekubali bakaribishwe kwake. Amesema tu kwamba bakimuuliza, atabajibu ukweli. Nimemuomba abajibu polepole.