Bunia Hakuna Anayefukia Waya Bure

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Nimemaliza! Terre, yaani njia ya umeme kuingia ardhini, ya maternité ya mkunga Maman Gertrude imekamilika leo saa tisa. Piquet, fimbo ya shaba, imezama ardhini mita moja na nusu. Juu yake makaa, juu ya makaa chumvi kilo mbili. (Joëlle, mke wangu, anauliza chumvi ya nyumbani imeenda wapi.) Frigo ya chanjo, bomba na vitanda vya chuma, vyote nimeviunganisha kwa waya mmoja wa kijani na njano. Sasa ni ndugu. Umeme ukipotea njia unateremka ardhini kimya kimya, haumpigi mtu. Nimeigusa frigo kwa mikono miwili. Haing'ati tena!

Jumamosi anakuja mkaguzi wa shirika lililoleta frigo. Terre ikipita, napewa kazi ya zahanati za Tchomia na Gety pia. Isipopita, kazi anapewa fundi Blanchard.

Blanchard alipita kutazama. Akasema terre ni maringo, yeye ana miaka kumi na minane katika umeme bila terre. Ana pia unyusi mmoja tu, wa pili umeme uliula. Sikumkumbusha.

Jioni wamefika waashi wa kuinua ukuta: Mathieu na wenzake watatu, wote watu wa Nia-Nia. Waliutazama sana udongo wangu mbichi. Watu wenye kuheshimu kazi nzuri.

Jumanne, 7 Oktoba

Wezi! Washenzi! Piquet imeng'olewa!

Nimekuta shimo la kufika kiunoni. Waya wangu wamefungia miti ya kupandia ukutani, na kwa piquet yangu wanapasulia mawe. Frigo ilikuwa imekwisha kumng'ata Maman Gertrude, kipimajoto mkononi. Kilio chake kilisikika mpaka sokoni. Aliniambia mbele ya wauguzi wote: "Honoré, frigo yako iko na meno!"

Mathieu hata hakukana. Alieleza kwa upole kwamba kabla ya uashi walichimba dhahabu, na mikono haijasahau. Waliona udongo mbichi, makaa ya alama, waya umechungulia nje. "Patron, mu Bunia hakuna mutu anafukiaka waya bure."

Kusema kweli hapo nilikumbuka yangu. Mwezi wa tano, tulipokimbia risasi, nani hakufukia kitu? Mimi nilifukia sanduku langu la vifaa nyuma ya jikoni: koleo, bisibisi, testeur ya Kijerumani ya kupimia umeme. Nikaweka makaa juu ili nisisahau mahali. Tuliporudi nilikuta shimo. Nilikaa ukingoni mwa shimo lile nikalia, na sioni aibu kuandika hivyo. Mpaka leo nafanya kazi kwa koleo la kuazima.

Nimeirudisha piquet. Joëlle anasema niwaeleze waashi ile ni kitu gani, basi. Mficha uchi hazai, anasema. Nimemjibu kwamba siri ya kazi haipewi mwashi, na habari za kuzaa ni za Maman Gertrude.

Nina mpango.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: kibao. Nimechora fuvu na mifupa miwili, chini yake herufi nyekundu: DANGER DE MORT, hatari ya kifo. Nimekisimamisha juu ya piquet saa moja asubuhi. Nani atathubutu?

Saa mbili kasoro, maternité yote ilikuwa mbioni. Sikufikiria kwamba katika Bunia ya mwaka huu, kibao cha namna hiyo kina maana moja tu: bomu. Wakaja askari wa kofia za buluu na chombo chao cha kulilia chuma. Kililia! Kingeacha vipi, shaba kilo tatu? Wakazungushia utepe, wakalala kifudifudi, wakachimba kwa vijiko kwa muda wa saa tatu.

Akina mama walikuwa uwanjani na vitoto vyao. Maman Gertrude alikuwa na kandambili moja. Mtoto mmoja hakungoja, akazaliwa chini ya mpera. Baba yake amemwita Danger.

Piquet imechukuliwa kwenda kuchunguzwa. Nimechelea kusema ni yangu, kwani kibao kina mwandiko wangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Piquet imerudishwa, imefungwa vizuri kwa plastiki, na karatasi ya kutia sahihi. Watu wenye adabu.

Mpango wa pili ni wa akili zaidi. Shimo la uongo! Nimechimba kando ya choo, nikaweka makaa mengi, udongo mbichi, kipande cha waya kimechungulia. Mwenye kutaka dhahabu achimbe huko. Piquet ya kweli nimeirudisha mahali pake, nikakanyaga udongo mpaka ukawa kama sakafu.

Walichimba kando ya choo, kama nilivyotaka. Hawakuona kitu. Ndipo Mathieu alipowaambia wenzake kwamba mtu hafichi uongo mahali pasipo na ukweli: mwenye mali amekuja kuwapoteza, basi mali iko kule kule kwa kwanza, ila chini zaidi. Wakarudi kwa piquet yangu wakachimba mita mbili na nusu. Kwa sururu! Wakatoa mpaka maji.

Frigo imemng'ata Maman Gertrude mara ya pili. Safari hii hakulia. Ameapa kwamba aking'atwa tena, anamwita Blanchard yeye mwenyewe, bila kumngoja mkaguzi.

Joëlle anasema akili nyingi huondoa maarifa. Sijui anamsema nani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimelala kitandani kwa hasira. Nilikuwa napanga mpango wa tatu (mbwa wa kuazima, mnyororo, pilipili) Joëlle aliporudi. Kumbe alipita maternité na chungu cha maharage, akamwambia Mathieu maneno mawili: ile waya inashika umeme uliopotea, usipige wamama na watoto.

Mathieu alishika kichwa. Mke wake yuko humo ndani, kitanda cha tatu, na tumbo la miezi tisa!

Nilikimbia huko. Wameirudisha piquet wenyewe chini kabisa, kwenye matope. Wameongeza makaa. Waya wa vitandani wameurudisha na kunisubiri niukaze. Juu wamejenga matofali na mfuniko wa saruji. Mathieu aliniuliza, karibu kwa machozi: "Weye hukusema kitu. Siye tungejua namna gani?"

Nilimjibu kwamba wakati ulikuwa haujafika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ohm nne! NNE, na chini ya kumi tu inatosha! Mkaguzi alipima mara mbili, hakuamini. Akauliza nani alipata wazo la kwenda chini namna hiyo. Nikasema ni njia yangu. Mathieu alikohoa. Tchomia na Gety ni zangu!

Maman Gertrude aliigusa frigo kwa kidole kimoja, kisha kwa mkono, kisha akaikumbatia. Mke wa Mathieu amezaa msichana saa nane, taa zote zikiwaka.

Blanchard alikuwepo. Alichuchumaa penye mfuniko muda mrefu bila kucheka. Akaniuliza, kama mtu asiyejali, chumvi inaingia kilo ngapi. Nikamwambia kumi. Ajipoteze!

Nimefikiri sana juu ya wiki hii. Bila shimo la uongo, wasingefika kwenye matope. Kwa hiyo mpango ulifaa. Joëlle amecheka mpaka amemwaga chai.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jambo kubwa. Nimepita leo mbele ya depo ya kahawa ambako Blanchard anafanya kazi. Nyuma ya depo: udongo mbichi! Makaa pembeni. Chumvi nyeupe kila mahali, kama imemwagwa na kichaa. Na waya umechungulia.

Nilisimama pale nikapiga hesabu. Blanchard haamini terre, amesema mwenyewe. Basi ile si terre. Makaa ni alama, kama niliyoweka mimi mwezi wa tano. Na sanduku langu halijaonekana mpaka leo.

Nimekwenda kwa Mathieu kuazima sururu. Akanipa, lakini akataka kujua kama nimemuuliza kwanza Blanchard amefukia nini.

Nimuulize! Maswali ya waashi!