Nilikataa Mara Moja Tu

Kwa Bwana Msimamizi wa kituo cha mazoezi ya wagonjwa, Minneapolis,

Salamu, na pole kwa kazi. Mimi ni Keziah, mgonjwa wa nyonga wa chumba cha karibu na jikoni, mama yake Solomon. Nesi Peris amekubali kukutafsiria barua hii neno kwa neno, hata pale nitakapokasirika.

Jana Brandon wa ofisini aliniletea notisi kwamba bima yangu itaacha kulipia kukaa kwangu hapa Ijumaa, nirudi kwa Solomon, akaniomba nitie sahihi. Nikakataa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Brandon hakunibembeleza. Kwetu mtu akikataa chai huombwa tena na tena, ndipo anywe vikombe viwili. Yeye aliandika "amekataa", akasema asante, akaenda zake. Jamani! Nami nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukataa mara ya pili.

2. Alileta shahidi wa kukataa kwangu, msichana ambaye hakuketi wala hakuniuliza jina. Shahidi gani huyo? Harusi yangu ilikuwa na mashahidi, na wote walikula.

3. Kumbe notisi inafanya kazi hata nisipotia sahihi! Sasa kalamu mlinipa ya kuchezea?

4. Nyumba ya Solomon kule Lakeville ina ngazi, na mguu huu hauwezi ngazi. Hauwezi kabisa. Tena Solomon anashinda kazini ghalani Shakopee, mkewe Velma yuko kazini hospitalini, na wajukuu wakirudi wananijibu kwa Kiingereza, neno moja moja. Nikianguka nimwambie nani, friji?

Kwa hiyo naomba notisi hiyo ifutwe, iletwe upya na watu wazima wawili wenye subira. Wakae, wanywe chai, waniombe ipasavyo. Nitakataa. Watarudi Jumatatu, nitakataa tena, na tuendelee hivyo kwa amani hadi mguu upone.

Nisalimie Brandon, simchukii. Wasalimie na wapishi wote, isipokuwa yule wa uji.

Ni mimi, kwa sahihi niliyoitoa kwa hiari yangu,

Keziah

N.B. Mkileta jibu alasiri, msinitafute chumbani. Nitakuwa ghorofa ya tatu kwa mgonjwa mwenzangu Bernardine, yule mama wa Bukavu. Tunaongea Kiswahili mpaka chakula cha jioni. Huwa napanda kwa ngazi. Lifti yenu inachelewa, na Ijumaa ni keshokutwa.